Kiinua Mgongo cha Mpagazi

Iko hukumu moja iliyokwisha kuzoeleka katika vitabu vyetu na katika vinywa vya wasomi wetu, nayo ni kwamba mtu wa msafara alikuwa mtu wa kupita. Alitoka bara akashuka pwani, akatua mzigo wake Bagamoyo, akapokea ujira wake wa nguo, akapanda tena kwao. Asiyerudi kwao huhesabiwa kuwa alikufa njiani au alipotea. Hukumu hii husemwa na wakubwa, husomwa na wadogo, huandikwa katika mitihani, na kwa kuwa hapana aitiaye shaka imepata sura ya kweli. Nia ya makala haya ni kuitia shaka, na zaidi ya kuitia shaka, kuikana. Nadai mambo matatu. La kwanza, mpagazi aliyeacha kazi ya njia akakaa katika nchi ya watu hakupotea, wala hakuwa mgeni wa milele. La pili, alipata uenyeji kwa mapatano yaliyojulikana na pande zote mbili, si kwa huruma ya mtu. La tatu, Kiswahili, ambacho sisi twajidai kukisomea, kina ushahidi wa mambo hayo, lakini tumekisikiliza kwa sikio moja.

Nachukua kwa mfano nchi ya Visiga na jirani zake. Visiga imo Kibaha, katika barabara kuu iendayo Morogoro, kabla ya kufika Mlandizi na mto Ruvu. Na kabla Kibaha haijawa wilaya peke yake, nchi hiyo ilihesabiwa pamoja na Kisarawe. Ni nchi ya Wazaramo na Wakwere. Mto Ruvu ndio ule ambao wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliuita Kingani, na bonde lake lilikuwa mlango wa misafara. Burton na Speke walipotoka Kaole mwezi wa Juni 1857 walishika njia ya Uzaramo kwa kulifuata bonde hilo, wasifike Tabora, waliyoiita Kazeh, mpaka tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Msomaji ataona kwamba sikuchagua Bagamoyo. Bagamoyo imeandikiwa vya kutosha, na Ujiji hali kadhalika. Ada ya wanahistoria ni kuisimulia njia kwa ncha zake mbili, na kilicho katikati hukiacha kama kwamba kiliumbwa ili kikanyagwe tu. Lakini mtu anayechoka hachagui kuchokea mwishoni mwa njia. Akitaka kujua habari za waliochoka, mtafiti sharti atazame nchi ya katikati.

Kosa la kwanza la hukumu ninayoipinga ni kuwachanganya wapagazi wote na watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati, itokayo Bagamoyo hata Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, katika orodha ya mahali panaponuiwa kuombewa cheo cha urithi wa dunia kwa UNESCO. Jina lililotumika ni njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina hili si la uongo. Watumwa walipita njia ile wamefungwa, na wako waliobeba pembe shingo zao zikiwa katika minyororo. Mwenye kulikana jambo hilo anawadhulumu marehemu mara ya pili. Walakini jina la kweli laweza kuifunika kweli nyingine. Katika jina lile wametajwa watumwa na zimetajwa pembe. Aliyebeba pembe kwa ujira, akajua kiasi cha ujira wake, akaudai, na aliponyimwa akatua mzigo chini akakataa kwenda, hakutajwa. Wanyamwezi wengi walikuwa watu wa namna hiyo. Walishuka pwani wakati wa kiangazi, na wengi walitaka kuwa wamerudi kwao majira ya kulima. Burton mwenyewe, ambaye vitabuni mwake hakuwa na upungufu wa matusi kwa watu weusi, alikiri kwamba kwao Wanyamwezi kubeba mzigo hata pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Na Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi ya njiani, ameonyesha kwa urefu kwamba watu hao walikuwa wafanya kazi wa ujira wenye mila zao, sheria zao za kambi, na migomo yao.

Hata miongoni mwa wapagazi waliotoka Unguja na mrima, ambao baadhi yao walikuwa watumwa kwa sheria, mambo hayakuwa sahili kama vitabu vya shule visemavyo. Mtumwa aliweza kujikodisha kwa msafara, ujira ukagawanywa kati yake na bwana wake, na njiani akajiita muungwana wala asiwepo wa kumbishia. Basi tukimwita kila aliyebeba mzigo mtumwa, twafanya makosa mawili kwa neno moja: twamnyang'anya muungwana uungwana wake, na twamnyima mtumwa sifa ya bidii aliyoifanya ili autoke utumwa.

Kosa la pili ni kuwagawa watu katika mafungu mawili, wasafiri huku na wenyeji kule, kama kwamba mmoja alikuwa na miguu na mwingine alikuwa na mizizi. Wazaramo nao walikuwa wachukuzi. Shahidi wangu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, katika kitabu cha maisha yake alichokitunga kwa Kiswahili baada ya kustaafu Unguja, na ambacho Heinrich Brode alikitoa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo asimulia jinsi alivyoajiri wapagazi wa Uzaramo, wakatoroka, naye akaingia nchini mwao akawakamata watu kwa mamia, wazee na jamaa za waliotoroka, akawafunga na kuwapeleka. Kwa kitendo hicho akapata jina la Kingugwa, yaani chui, kwa kuwa alishambulia huku na huku bila kuchagua. Tippu Tip ayasema haya bila haya, tena kwa majivuno kidogo. Msomaji wa Kiswahili ayasome kwa uangalifu. Katika kisa hiki Mzaramo si mwenyeji anayekaa mlangoni akitazama msafara ukipita. Yeye ndiye msafara, na yeye ndiye mlangoni, na minyororo imemfika pande zote mbili.

Kisa hiki chafaa tena kwa sababu ya pili. Kipo kikundi cha watu wema wanaopenda kusema kwamba zamani za misafara watu wa njiani na wasafiri walipendana, wakakaribishana, wakataniana, na ugomvi wote uliletwa na Wazungu. Maneno haya ni matamu lakini hayana mashiko. Msafara ulikuwa na bunduki, njaa na haraka. Ulikula mashamba ya watu. Mtu wa msafara alijiita muungwana na aliyemkuta njiani alimwita mshenzi, na maneno hayo mawili yalizaliwa pacha, kwa maana hapana muungwana pasipo mwingine wa kuitwa mshenzi. Uungwana huo wa njiani ulikwenda mbali hata ukaipa jina lugha: Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa sababu kilipelekwa na waungwana wa misafara. Nasi wenyeji wa masomo ya lugha twalitaja jina la Kingwana kila mwaka madarasani, wala hatuulizi ni nani aliyekuwa akidharauliwa lilipotungwa.

Sasa natazama neno moja ambalo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko vitabu vingi. Neno hilo ni hongo. Katika nchi za njiani, Uzaramo, Ugogo na kwingineko, msafara ulitoa hongo kwa mwenye nchi, yaani nguo, ushanga au waya, ndipo ukapata ruhusa ya kupita, kuteka maji, kununua chakula na kulala. Kwa mwenye nchi hongo ilikuwa haki. Kisima alikichimba yeye au baba zake. Ugogo, ambako maji ni haba, jambo hili halihitaji maelezo. Njia ilipita katika ardhi yake. Na msafara wa watu mia tano haukuwa sawa na mgeni mmoja anayeomba kata ya maji. Kwa mwenye msafara hongo ilikuwa hasara, na Wazungu waliolipa waliandika vitabu vya kuilalamikia. Leo hongo ni nini? Ni rushwa. Ni mali itolewayo gizani ili haki ipotoshwe. Twaona basi kwamba neno lililokuwa na pande mbili limebaki na upande mmoja, na upande uliobaki ni wa mlipaji. Malalamiko ya msafara yameingia katika kamusi, na hoja ya mwenye kisima imekufa. Sisemi kwamba turudishe maana ya kale. Lugha hairudi nyuma kwa amri ya mwalimu. Nasema kwamba mwanafunzi anayesoma habari za misafara kwa neno hongo katika maana yake ya leo atawahukumu wenyeji wote kuwa wala rushwa, naye hatajua kwamba hukumu ameipewa na lugha kabla hajaanza kufikiri.

Baada ya kuyasema hayo, naja kwa mpagazi aliyestaafu. Wako watu wa misafara ambao kustaafu kwao kulijulikana duniani. Tippu Tip alirudi Unguja akiwa tajiri wa mashamba, akafa huko mwaka 1905. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni hata Bara Hindi akarudi muungwana, aliandamana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron aliyelivuka bara zima kati ya mwaka 1873 na 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani na malipo ya uzeeni mwaka 1876, naye akafa Unguja mwaka 1885. Chuma na Susi, walioshiriki kuuchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo hata ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, walipelekwa Uingereza wakaonwa na wakubwa. Habari hizi ni za kweli na ni nzuri. Lakini watu hao walikumbukwa kwa sababu waliwabeba watu wenye kalamu. Makumi ya maelfu waliobeba merikani, kaniki, ushanga na pembe hawakuwa na chama London. Reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi yao ilikwisha. Na Vita Kuu vilipokuja, mabega yale yale yakatakiwa tena kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu wakafa. Kutokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza tulipata jina la Kariakoo. Jijini Nairobi mchukuzi yumo katika sanamu ya ukumbusho pamoja na askari. Jijini Dar es Salaam askari asimama peke yake.

Serikali zetu zina neno zuri kwa malipo anayopewa mtumishi akiacha kazi, nalo ni kiinua mgongo. Hapana watu waliostahili neno hilo kuliko wapagazi, maana migongo yao iliinama kwa kweli, si kwa mfano. Nani alimpa mpagazi kiinua mgongo chake? Si Mhindi aliyemkodisha, wala Mwarabu aliyemwongoza, wala Mdachi aliyejenga reli. Jibu langu ni kwamba alipewa na jirani. Alipewa na watu wa nchi alimokaa. Na vitu alivyopewa vilikuwa vitatu: mahali pa kulima, mke, na mtu wa kumzika.

Tuanze na mahali pa kulima. Kila mtoto wa shule ajua methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi juu ya methali hii, na karibu zote huieleza kwa namna moja: kwamba mgeni asikae mno, na akikaa afanyishwe kazi ili aone haya aondoke. Maelezo haya ni ya watu walioishi mjini. Katika nchi ambamo ardhi ni ya ukoo, jembe halina maana bila mahali pa kuchimba. Ukimpa mtu jembe huna budi kumwonyesha shamba. Kwa hiyo siku ya tatu si siku ya kumfukuza mgeni. Ni siku ya kuukomesha ugeni wake. Nayo haikuwa zawadi isiyo na masharti. Katika pwani yetu aliyepewa mahali pa kupanda muhogo hakupewa kwa hiyo ruhusa ya kupanda minazi na miembe, kwa kuwa mti wa kudumu ni dai la kudumu. Jembe lilikuwa hatua ya kwanza. Mti ulikuwa hatua ya pili. Kaburi lilikuwa hatua ya tatu. Mwenyeji na mgeni walijua kila mmoja amefika hatua gani. Huku ndiko nilikokuita mapatano.

La pili ni mke. Wazaramo, kama Wakwere, Waluguru na Wakutu, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Jambo hili hutajwa katika vitabu vya elimu ya jamii, kisha husahauliwa mara linapohitajiwa. Maana yake kwa hoja yetu ni hii: mpagazi wa Kinyamwezi au wa Kimanyema aliyeoa binti wa Kizaramo aliweza yeye mwenyewe kuitwa mgeni mpaka ndevu zikaota mvi, lakini watoto wake hawakuwa wageni hata siku moja. Walizaliwa ndani ya ukoo wa mama yao, katika ardhi ya ukoo wa mama yao, chini ya mjomba wao. Basi anayesema kwamba kizazi cha mpagazi ni kizazi cha wageni hasemi kwa mila ya nchi. Asema kwa mila iliyokopwa kwingine, ambamo mtoto ni wa baba peke yake, kisha ailazimisha juu ya watu waliokuwa na sheria nyingine. Mtetezi wa mila na aanze kwa kuijua mila anayoitetea.

La tatu ni mtu wa kumzika, na hapa ndipo utani unapoingia. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na Wasukuma ni watani wao pia. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika tangu miaka ya 1940, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikakusanya habari zake katika miaka ya 1970. Katika mambo yanayotajwa kuwa chanzo chake, vita na misafara ni mawili makubwa. Lakini utani tunaoujua siku hizi ni ule wa redioni na wa viwanja vya mpira, mzaha wa kuchekesha kadamnasi. Tumeshika ganda tukatupa kokwa. Mtani hakuwa mtu wa kucheka naye tu. Mtani alikuwa na kazi msibani. Alishika jembe la kuchimba kaburi, alihudumia maiti, aliwachekesha wafiwa walipozidiwa na huzuni, alikamata kitu cha nyumba hata kikagombolewa. Mtu aliyefia mbali na ukoo wake, katika nchi ambamo hana ndugu wa damu wa kuuosha mwili wake, alikuwa na mtani. Utani ulikuwa bima ya msafiri. Uliwageuza watu waliokuwa na sababu ya kuogopana, kwa kuwa mmoja alikuwa na bunduki na mwingine alikuwa na maji, wakawa watu wenye wajibu wa kuzikana. Hayo si mapenzi. Mapenzi huja na kuondoka. Hayo ni sheria, na kicheko kilikuwa muhuri wake.

Najua majibu nitakayopewa. Mpinzani wa kwanza atasema: tuonyeshe orodha. Wapi majina ya wapagazi waliokaa Visiga, na Soga, na Ruvu? Namjibu kwamba orodha za wapagazi ziliandikwa na waliowalipa, na mtu alipoacha kulipwa aliondoka katika orodha. Kutaka daftari la waliotoka katika daftari ni kutaka kisichoweza kuwapo. Tena mimi sidai kwamba kila nyumba ya Visiga ina babu aliyebeba pembe. Nadai kwamba nchi ile ilikuwa na njia ya kumpokea mtu wa namna hiyo, njia iliyokamilika tangu jembe mpaka kaburi, na kwamba watu hawatengenezi mlango mkubwa hivyo ikiwa hapana aingiaye. Wanyamwezi na Wamanyema waliokaa Bagamoyo na Dar es Salaam wanajulikana na kila mtu. Anayesema kwamba waliweza kukaa mwanzo wa njia na mwisho wa njia lakini hawakuweza kukaa katikati, yeye ndiye mwenye deni la ushahidi.

Mpinzani wa pili atanishika kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Atasema kwamba mpagazi aliyekaa ugenini aliacha asili yake, na kwa hiyo hana haki ya kuheshimiwa. Namjibu kwamba methali haikusema asili ni mahali. Mtu aliyetoka Unyamwezi akakaa Uzaramo na bado akaitwa Mnyamwezi na watani wake mpaka siku ya kufa, asili yake haikuachwa. Ilitunzwa na watu wengine kwa niaba yake, tena kwa kelele na vicheko. Utani haufuti kabila la mtu. Wamtaka abaki na kabila lake ili apate kuwa mtani. Huu ni ustadi mkubwa wa kukaa pamoja, na sisi tuliosoma tumeukuta tukauita mzaha.

Mpinzani wa tatu, ambaye namheshimu zaidi, atasema kwamba mambo haya ni ya kale na hayana faida kwa leo. Huyo namwomba atazame nchi ya Visiga ilivyo sasa. Mwezi wa Juni 2024 garimoshi la umeme lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, likipita Soga na Ruvu. Bandari kavu imejengwa Kwala, katika wilaya ya Kibaha, na mizigo inatuliwa tena katika nchi ile ile, ingawa si kwa mabega. Jiji la Dar es Salaam linapanuka kuelekea huko, na ardhi iliyokuwa ya muhogo na mikorosho imepata bei. Ardhi ikipata bei, neno mwenyeji hupata makali. Watu ambao kwa miaka mia hawakuulizana babu zao walitoka wapi huanza kuulizana siku mnunuzi anapofika na fedha. Hapo maneno ya vitabuni hayabaki vitabuni. Tukifundisha kwamba mtu wa msafara alikuwa mtu wa kupita, tumempa silaha yule anayetaka kumwambia jirani yake: babu yako alikuwa mpita njia, nawe pita. Na silaha hiyo haikatai mkono wowote. Leo yashikwa na aliyekuja juzi kutoka mjini, kesho itamgeukia yeye.

Kwa hiyo mzigo wangu nautua mbele ya wenzangu, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa maana wanahistoria wana walimu wao. Maandishi ya safari tunayoyasoma, ya Tippu Tip, ya Selemani bin Mwenye Chande, na mengineyo yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1901, ni ya wenye misafara na wenzi wao. Ni hazina, na sitaki yaachwe. Lakini humo mpagazi ni hesabu: wapagazi mia, wapagazi mia saba, wapagazi wametoroka. Maneno yake mwenyewe hayakuandikwa. Yamebaki midomoni, katika Kizaramo na Kikwere, katika majina ya mahali, katika maneno ya kutaniana misibani, katika habari ambazo nyanya huwapa wajukuu juu ya ni nani aliyepanda mwembe ule na kwa ruhusa ya nani. Wanafunzi wetu hutumwa maktaba kusoma hati za Kiarabu, nami nawasifu kwa hilo. Watumwe pia Visiga, Mlandizi, Soga na Maneromango, si kwa siku moja ya kupiga picha, bali kwa muda wa kutosha kupewa jembe. Wakusanye maneno ya njiani, mnyapara, kirangozi, posho, hongo, na kwa kila neno waulize maswali mawili: msafiri alilisemaje, na aliyempokea alilisemaje. Kamusi isiyo na jibu la swali la pili haijakamilika.

Na wale wanaoandika vibao vya ukumbusho katika njia ya kati na waongeze mstari mmoja. Pamoja na watumwa waliofungwa, ambao hatutawasahau, na pembe zilizouzwa, njia ile ilikuwa na wafanya kazi wa ujira, na baadhi yao walichoka wakiwa katika nchi ya watu, wakapokewa. Waliowapokea hawakuwa malaika. Walidai haki yao, waliweka masharti yao, walitukana na kutukanwa. Kisha walitoa shamba, walitoa binti, na siku ilipofika walichimba kaburi. Hapana shirika wala serikali iliyowalipa kwa kazi hiyo. Kama deni lile haliwezi kulipwa kwa fedha, na lilipwe kwa kulitaja.